Nani Aliufungua Ukurasa wa Nyamizi?

Sogeeni karibu, na wenye majibu ya haraka wakae nyuma kabisa. Hadithi hii nimeisimulia mara nyingi, na kila mara yupo mtu anayeruka na jibu kabla sijafika katikati, halafu nikimaliza anabaki anajikuna kichwa. Leo nataka mnisikilize kwanza. Kuzozana kutakuja, na nafasi mtapata.

Palikuwa na nyumba Tabora, mtaa wa Isevya, upande wa bondeni. Kuta zake nene za matofali ya kuchoma, madirisha madogo yenye nondo. Mle ndani waliishi wanawake watatu, na kila mmoja alijaliwa chake.

Wa kwanza ni Bibi Kalunde, mama wa mwenye nyumba. Macho yamefifia, magoti yamegoma, lakini mikono yake iacheni. Mletee mtoto anayelia, atampapasa shingo na tumbo, atakwambia huyu ana homa, huyu ana njaa, huyu anadeka tu. Na hakosei.

Wa pili ni Chausiku, mke mkubwa. Yeye alijaliwa masikio. Akikaa dirishani anamjua mpita njia kwa kikohozi chake, kwa ndala zake zinavyoburuza, akamwita kwa jina na kumwulizia mgonjwa wake. Mtaa mzima ulikuwa wake.

Wa tatu ni Zamda, mke mdogo. Huyu alijaliwa macho na subira. Sindano ikipotea mkekani, anaitwa Zamda. Saa ikisimama, cherehani ikikata uzi, simu ikigoma, anakaa nayo taratibu, haitukani wala haipigi makofi, mpaka anaona inaumwa wapi.

Mwenye nyumba alikuwa Mrisho, mfanyabiashara wa asali. Nasema alikuwa, kwa sababu siku moja akirudi kutoka Sikonge na madumu yake, pikipiki ilimwangusha, na waliomleta nyumbani walimleta amefunikwa. Wake zake wote wawili wakaingia eda kwa siku moja.

Mnaijua eda. Mjane anakaa ndani mpaka muda wake utimie. Haendi sokoni, haendi harusini, haendi popote pasipo shida ya lazima. Kuna nyumba hulegeza kidogo, mjane akaonekana hata barazani akipepeta mchele. Nyumba ya Bibi Kalunde hailegezi. Mlango wa mbele ukawa kama umechorwa ukutani.

Sasa wafikirieni hao wake wenza. Zamani walipishana vizuri: mmoja akiwa jikoni, mwingine ana safari ya sokoni. Sasa sokoni hakuna. Sebule moja, jiko moja, ua mmoja uliozungushwa ukuta, na mama mkwe ambaye magoti yake yalimfunga kabla hata ya msiba. Waligombania kijiko. Waligombania upande wa mkeka. Walikuwa wanakosa hewa mle ndani, na kila mmoja aliamini mwenzake ndiye anayeimaliza.

Kilichowashikamanisha ni Nyamizi.

Nyamizi alikuwa binti wa Mrisho, lakini si wa Chausiku wala wa Zamda. Mama yake mzazi alifariki mtoto akingali ananyonya. Bibi Kalunde akambeba, Chausiku akamlisha na kumpeleka shule, na Zamda alipoolewa akakaa naye usiku na mchana kwenye hesabu zake mpaka akafaulu kidato cha sita. Msiniulize nani alimlea zaidi. Hilo lenyewe lilikuwa na ugomvi wake.

Siku ya hitma, wazee walipokaa kuzungumza mambo ya familia, mdogo wake marehemu, Hamisi, alisema binti amekua na mchumba yupo, mtu mwenye maduka, anasubiri neno tu. Bibi Kalunde akajibu kwamba mjukuu wake ameomba chuo. Wakavutana. Mwishowe Hamisi akatamka mbele ya shehe na wazee wote: "Akipata chuo, sitasema neno. Akikosa, nitamwoza mimi." Nyamizi akaondoka kwenda kambini, mafunzo ya jeshi la kujenga taifa kama wahitimu wenzake, ambako simu haziruhusiwi. Mambo yake ya chuo aliyaacha kwenye simu ya Zamda.

Na chuo akapata. Akapata viwili! Sasa aliyechaguliwa vyuo viwili sharti aingie kwenye ukurasa wake, aandike namba atakayotumiwa, athibitishe kimoja. Asipothibitisha kabla dirisha halijafungwa, nafasi anapewa mwingine, na maneno ya Hamisi yanabaki palepale.

Zamda alianza kuufungua ukurasa huo mapema tu. Kiduara kikazunguka. Akangoja. Kikazunguka. Kesho yake hivyohivyo, na keshokutwa. Ukurasa ukawa mweupe kama sahani iliyooshwa, na katikati kile kiduara, kinazunguka, kinazunguka, hakifiki popote. Hata kukitazama kulichosha roho, maana na wao walikuwa hivyohivyo, wanazunguka sebule hiyo hiyo.

Ikafika siku ya mwisho. Dirisha linafungwa jioni, ofisi zikifungwa.

Najua mnachotaka kusema. Si watumie bando la simu? Kule bondeni intaneti ya simu haishiki. Simu ya kawaida inapita ukisimama dirishani, basi. Ndiyo maana Mrisho, Mungu amrehemu, alifunga antena juu ya bati na ruta sebuleni, kile kisanduku kinachogawa mtandao nyumba nzima. Basi si wampe jirani simu apande nayo mjini? Chausiku alilisema hilo.

"Tumpe Mama Sikitu," alisema. "Ana mguu mwepesi, mara moja atakuwa stendi."

"Dada, simu hii ikivuka mlango, habari inafika kwa Hamisi kabla ya simu kufika stendi," Zamda akajibu. "Akijua mtoto hajathibitisha na leo ndiyo mwisho, unadhani Mama Sikitu atafika?"

Mume wa Mama Sikitu alikuwa anakunywa kahawa na Hamisi kila siku. Wakaelewana kwa macho kwamba shida hii itamalizwa na waliomo ndani, au haitamalizwa.

Zamda akaanza kama fundi anavyoanza, kwa kuondoa yasiyokuwepo. Alijaribu simu ya Chausiku: ni yaleyale. Basi ugonjwa si wa simu. Alifungua ukurasa mwingine, wa habari: nao ukazunguka. Basi ugonjwa si wa ukurasa. Akasimama dirishani akawapigia wenye mtandao. Akachezewa muziki mpaka sikio likawaka moto, kisha sauti ya kijana ikamwambia huku kwao kila kitu kiko sawa, azime ruta, asubiri kidogo, awashe.

Kuizima ndiko kulikoleta balaa la kwanza.

Bibi Kalunde alikuwa na desturi zake za msiba. Runinga haiwashwi, redio haiimbi, kioo hakitazamwi. Siku ya maziko alivikusanya vyote vinavyowaka na vinavyosema, akavifunika, na ruta nayo ilikuwa inawakawaka. Akaichukua na waya wake, akaiviringisha kanga mara kadhaa, akaisukuma kwenye kabati la vyombo nyuma ya masinia ya bati. Kanga yenyewe ndiyo aliyoletewa na Mrisho kutoka safari yake ya mwisho. Alipoifunga fundo aliapa mbele ya waombolezaji kwamba ataifungua mwenyewe, siku eda itakapoisha.

Zamda akazima umeme ukutani, akawasha. Kiduara kikazunguka.

"Mama," alisema, "naomba niifunue. Taa zake sizioni."

"Iguse uone."

"Mama, mtoto atakosa chuo."

"Na mimi nimekosa mtoto!" Bibi Kalunde alipiga fimbo sakafuni. "Hiyo kanga ni kilio changu. Nikiifungua nimemaliza kumlilia mwanangu. Wewe ukitoka eda utaolewa. Chausiku hali kadhalika. Mimi nitazaa mwana mwingine?"

Zamda hakubishana. Akamshika mama mkwe mkono kwa upole, akamwongoza mpaka kabatini.

"Usiifungue, mama. Ipapase tu. Nataka kujua inaendeleaje."

Ile mikono ikaingia nyuma ya masinia. Ikapapasa kanga juu, ikazama chini ya mkunjo. Uso wa Bibi Kalunde ukabadilika.

"Astaghafirullah. Hiki kinaungua. Hiki kina homa."

Akashika tena, kama anavyomshika mtoto wa mtu.

"Nimekifunika kama nimemfunika mgonjwa wa malaria mablanketi. Kinazimia na kuzinduka humu ndani tangu msiba, na mimi nimekikalia."

Mkono wake ukatua kwenye fundo. Kisha akalifungua. Lilikuwa limekaza, ilimbidi atumie meno. Alilia waziwazi, machozi yakailowesha kanga, lakini hakuacha mpaka mzunguko wa mwisho ukatoka. Akayavuta masinia mwenyewe, yakaanguka kwa kishindo, akaiweka ruta juu ya kabati penye hewa na kuipepea kwa kipepeo cha makuti.

Zamda akajaribu. Ukurasa ukaleta jina la Nyamizi juu kabisa. Wote wakapiga kelele. Kisha kiduara kikarudi, chini ya jina, kikaanza safari zake.

"Basi iwashe upya, huenda bado ina uchovu," alisema Chausiku, naye kajisogeza dirishani kupunga upepo.

Zamda akazima. Na hapo masikio ya Chausiku yakafanya kazi yake. Nje, barazani, alisikia sauti kama watu wanne, watano: "Aaa! Imekata!" Zamda akawasha. Zikapita dakika chache, nje wakasema: "Haya, imerudi." Kikafuata kicheko cha sinema, na muziki, na mtoto akishangilia mpira.

"Zamda," aliita polepole. "Zima tena."

"Aaa!" wakasema nje.

Chausiku akashika nondo za dirisha. Kumbukumbu ikamjia. Wakati wa matanga, ndugu walijaa, kila mtu anataka kuwapa habari walio mbali, na yeye ndiye aliyewatajia paswedi. Aliitamka kwa sauti mbele ya uwanja mzima, akairudia kwa wasiosikia. Ndugu walikwenda zao. Mtaa haukwenda. Kila alasiri baraza lao lilijaa, na yeye akiwa ndani alifurahi kweli, maana alidhani wanakuja kumpa pole.

"Badilisha paswedi," alisema.

"Siwezi, dada. Kuibadilisha kunataka namba ya siri ya ruta yenyewe. Hiyo alikuwa nayo marehemu."

Ikabaki njia moja, kuwaambia. Na hapa nataka mwelewe. Wale walioketi nje ndio waliochimba kaburi. Mama Sikitu alipika matanga yote, akaunguza mkono kwenye sufuria la pilau. Na Chausiku hawezi kuwapa sababu, kwa kuwa sababu ingefika kwa Hamisi. Zaidi ya hayo, sauti zile ndizo zilikuwa dunia yake yote. Zamda ana simu yake, Bibi ana dua zake. Chausiku alikuwa na dirisha.

"Mama Sikitu!" aliita.

"Abee, dada!"

"Naomba mzime simu zenu. Wote. Mwende makwenu."

Muziki ukakata.

"Kuna nini, dada? Mnaumwa?"

"Hakuna kitu. Mtandao ni wetu, tunauhitaji. Nendeni."

"Mtandao ni wenu?" Sauti ya Mama Sikitu ilipanda. "Siku ya kubeba masufuria yenu mbona hamkusema sufuria ni letu, bega ni la Mama Sikitu? Haya. Asante. Tumesikia. Na dirisha lako tutalipita kwa mbali."

Mkeka ukakunjwa. Ndala zikaburuza zikienda, moja moja, na Chausiku alizijua zote ni za nani. Hakugeuka mpaka baraza likawa tupu. Kisha akamgeukia Zamda.

"Jaribu," alisema.

Ukurasa ukashuka. Jina, vyuo viwili, na kile kijisanduku cha kuandikia namba. Zamda akachagua cha Dodoma, akaandika namba aliyotumiwa, akabonyeza.

Kiduara.

Nje jua lilikuwa limeinama. Bibi Kalunde akaanza kusoma dua kwa sauti. Chausiku akazima simu yake, akaitupa mkekani. Nje kimya. Ndani simu ni moja tu, ya Zamda, nayo imesimama inangoja. Zamda akaweka hata hiyo katika hali ya kutotumia mtandao, akapiga magoti mbele ya ruta, akaitazama.

Ile taa ya kijani ilikuwa bado inapepesa. Haraka haraka, bila kupumzika.

"Kuna mwingine," alisema kwa sauti ndogo. "Kuna anayekula mtandao, na yumo humu ndani."

"Nani? Si tumezima zote?"

Zamda aliendelea kuitazama taa, mpaka akakumbuka. Aliinuka, akaingia chumbani kwake, akarudi na kitu kimefungwa kwenye mtandio. Akakifungua. Ilikuwa simu ya Mrisho.

Chausiku akasimama wima. "Si tuliambiwa ilivunjikia ajalini?"

Na ilikuwa imevunjika, nusu. Kioo cha juu kilipasuka na hakishiki kidole. Chini kinashika. Waliomleta marehemu walimkabidhi Zamda ikiwa bado inawaka, haijajifunga, na Zamda hakuiacha izimike hata mara moja. Kila siku aliichaji chini ya mto wake. Upande huo wa chini ndiko zilikokaa sauti ambazo Mrisho alimrekodia. Usiku alijifunika shuka akazisikiliza. Kwa siku zote hizo simu ile nayo ilikuwa inafanya ilichoagizwa na mwenyewe akiwa hai: kupandisha picha na video zake zote mtandaoni, miaka na miaka ya mizinga ya nyuki na harusi za watu. Kila iliyoshindwa kupanda ilianza upya.

"Ulikuwa unamsikia," Chausiku alisema. "Peke yako. Mimi ninalala ukuta wa pili nimeuma kanga nisilie, na wewe unamsikia!"

"Nilijua ungetaka nikupe."

"Ningetaka! Alikuwa mume wangu kabla wewe hujapata akili!"

"Nyamazeni!" alisema Bibi Kalunde. "Jua linakwenda. Iondoeni kwenye mtandao tu, kwani lazima izimwe?"

Zamda alieleza huku akilia. Pa kuiondolea mtandao pako juu, kwenye ule upande uliopasuka, alishajaribu kidole mpaka kikachanika. Bibi Kalunde akasema itieni kwenye sufuria mfunike. Msicheke, waliitia, wakafunika, wakaweka na kinu juu. Taa ikaendelea kupepesa. Kuipeleka mbali haikuwezekana, maana aliyekuwa aipeleke alikuwa ametoka kufukuzwa barazani. Kilichobaki ni kitufe cha ubavuni cha kuizima. Na ikishazimwa, ikiwashwa itadai namba ya siri, na namba hiyo Mrisho amekwenda nayo.

"Ikizimika, ndiyo basi?" aliuliza Bibi Kalunde.

"Ndiyo basi, mama."

Bibi Kalunde akaisogelea simu. "Nisikie mara moja."

Zamda akagusa chini. Sauti ya Mrisho ikajaa sebuleni, na nyuma yake kelele za soko: "Zamda, dagaa leo hamna, nachukua migebuka. Mwulize Chausiku kama ndimu zipo. Na mama, mwambie mafuta yake ya magoti nimeyapata. Haya, nakuja."

Chausiku alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili. Zamda aliibusu simu ile kwenye mpasuko, akabonyeza kitufe, akashikilia. Kioo kikawa cheusi.

Taa ya ruta ikatulia. Zamda akachukua simu yake, akabonyeza tena. Kiduara kikazunguka nusu, kikatoweka. Umethibitisha, ukurasa ukasema.

Wale watatu walianguka mkekani wakakumbatiana, wakalia kwa pamoja kwa mara ya kwanza tangu msiba.

Laiti hadithi ingeishia hapo, ningewaacha mkalale.

Nyamizi alirudi kutoka kambini kichwa kimekatwa nywele, mabega yamekaza. Hamisi alitimiza neno lake, akanuna lakini hakusema. Eda nayo ilikuwa imeisha. Wajane wakakoga, wakafungua mlango. Lakini kufunguliwa mlango si kwenda mahali. Chausiku alikaa dirishani na hakuna aliyesimama. Zamda alilala na simu nyeusi chini ya mto. Bibi Kalunde aliishika ile kanga bila kujua aifanyie nini. Nyumba ilikuwa bado inawabana.

Mjomba wa Nyamizi, ndugu wa marehemu mama yake, akaleta tiketi mbili za treni ya kwenda Dodoma: ya msichana, na ya mtu mmoja wa kumsindikiza, ambaye atakaa kwa mjomba huko hadi mtoto azoee. Mmoja. Nyumba ya mjomba haina nafasi ya zaidi.

Nyamizi, kwa furaha na utoto wake, akasema bila kufikiri: "Atanisindikiza yule aliyeufungua ukurasa wangu."

Msichana huyo alikuwa hajui alichokisema.

"Basi ni mimi," alisema Bibi Kalunde. "Bila homa ile kushuka, hawa wangebonyeza mpaka leo. Nimevunja kiapo changu mbele ya Mungu kwa ajili yako, mjukuu wangu. Na mimi ndiye nisiye na safari nyingine mbele yangu."

"Mama, ulifungua ulichokifunga mwenyewe," alisema Chausiku, na hakuwahi kumjibu mama mkwe hivyo maisha yake yote. "Mimi nimeupoteza mtaa mzima. Mama Sikitu hanisalimii hata msikitini. Mkiondoka nyie, mimi nabaki na nani hapa? Na ukuta?"

"Na wewe dada, paswedi ulitangaza mwenyewe," alisema Zamda. "Kanga inafungwa tena. Mama Sikitu ataombwa radhi, atasamehe. Mimi nilichotoa hakuna wa kunirudishia."

"Ungekitoa mapema tusingefika jioni!"

"Ningekitoa mapema, ungekuwa umemsikia?"

Nyamizi akaziba masikio. Alijaribu kumkumbatia kila mmoja, na kila mmoja alimkumbatia kwa nguvu kuliko mwenzake, kama anayevuta.

Sasa zamu yenu. Na kabla hamjafungua midomo, niwasaidie kufuta majibu ya uvivu. Msiniambie wagawane, kiti cha treni hakigawanyiki. Msiniambie waende kwa zamu. Treni ya kumpeleka mtoto siku yake ya kwanza ni moja. Msiniambie asiende yeyote, maana nitawauliza mmepata wapi roho hiyo. Wewe unayesema mzee kwanza, kumbuka ni nani aliyeivika ruta homa. Wewe unayesema Zamda, kumbuka ni nani aliyekuwa anakula mtandao chini ya mto huku kiduara kinazunguka. Na wewe mama pale mwisho, unayemwonea huruma Chausiku, nimekuona ukifuta macho, lakini macho si hukumu.

Kila mmoja aliufunga ukurasa. Kila mmoja aliufungua. Ukimtoa yeyote kati yao, Nyamizi leo ni mke wa mtu mwenye maduka.

Asubuhi ya safari bajaji imeshafika, inapiga honi nje. Begi liko mlangoni. Nyamizi anatoka chumbani na tiketi mkononi, anawakuta wote watatu wamepanga mstari pale kizingitini, hata Bibi Kalunde kasimama bila fimbo. Wote watatu wamevaa viatu.

Mko mahali pa mtoto huyo sasa. Haya, semeni: ni wawili gani mtawaambia wavue?